Rasimu ya Kwanza Aandike Nani?

Hotuba kwa wahitimu wa uhazili na utunzaji wa kumbukumbu, Dar es Salaam

Ndugu Mkuu wa Chuo, wajumbe wa bodi, wakufunzi, wazazi na walezi, nanyi wahitimu mliovumilia joto ndani ya majoho hayo: naomba itifaki izingatiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Nimepewa mada ya akili unde, yaani AI, na ajira za kesho. Mada hii siku hizi haikosi kwenye mahafali, na wasemaji wake huwa wa aina mbili. Wa kwanza huwatisha watoto wa watu kwamba ajira zote zinakwisha. Wa pili huwaambia msihofu, teknolojia ni fursa, kisha anakaa anapigiwa makofi. Mimi nimefanya kazi ofisini muda mrefu, kwanza masjala, yaani chumba cha majalada, baadaye meza ya mbele ya wakuu wa kila tabia, na utabiri sina. Watabiri wenyewe hukosea. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa mabingwa walioijenga elimu hii na ambaye mwaka 2024 alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia, alisema kwamba vyuo viache mara moja kufundisha madaktari wanaosoma picha za eksirei, kwa kuwa ndani ya miaka 5 mashine itawashinda. Miaka 5 ikapita, ikaja mingine, na madaktari hao bado wanatafutwa. Kama bingwa kama yule alikosea hesabu, mimi wa masjala nikae kimya.

Kwa hiyo sitawasomea kesho. Nitawasomea tangazo la kazi, maana hilo mnalijua kuliko mimi. Mwandishi Mwendesha Ofisi, yule tuliyezoea kumwita Katibu Mahsusi: awe na elimu ya kidato cha nne au cha sita, awe na cheti cha uhazili, awe amefaulu hatimkato, yaani mwandiko wa alama za kunasa maneno yanayotamkwa, ya Kiswahili na Kiingereza maneno 80 kwa dakika moja, awe na cheti cha kompyuta katika Word, Excel, intaneti, barua pepe na Publisher.

(Kicheko.)

Mnacheka Publisher, ile programu ya kupangia kurasa za machapisho. Na mimi simjui bosi aliyewahi kuiulizia, na kampuni inayoitengeneza imeshatangaza kuiondoa mwaka 2026. Lakini tangazo linaendelea kuidai, kama linavyodai hatimkato, wakati bosi wa leo hakai akakutamkia barua. Anakutumia sauti ya WhatsApp akiwa kwenye foleni Ubungo, honi nyuma yake, na anamaliza kwa kusema "weka vizuri."

Baada ya sifa huja majukumu. Kuchapa barua, taarifa na nyaraka za kawaida na za siri. Kupokea wageni, kuwasaili shida zao na kuwaelekeza wanapoweza kushughulikiwa. Kutunza kumbukumbu za miadi, tarehe za vikao na safari za mkuu wa kazi. Kutafuta majalada na nyaraka zinazohitajika. Kufikisha maelekezo ya mkuu kwa wasaidizi wake. Chukueni kalamu tuanze kukata.

Kuchapa, kateni. Sauti ile ya WhatsApp programu inaigeuza maandishi, nyingine inayapanga yakawa barua, kabla hujamaliza kuvuta kiti. Miadi na safari, kalenda ya simu inafanya. Kutafuta majalada, pale ambapo mfumo wa ofisi mtandao umefika, ni kuandika neno na kubofya. Hatimkato nayo inakwenda. Wengi hapa mnajua mahakama zetu, ukiacha zile za mwanzo, zilivyokuwa: shahidi anasema kwa Kiswahili, hakimu anaandika kwa mkono, kwa Kiingereza, na kila baada ya sentensi mbili anamwambia shahidi asubiri kwanza. Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Baadaye Mahakama ya Tanzania ikaanza kufunga mfumo wa akili unde unaosikiliza shauri, unaandika yanayosemwa na kuyatafsiri. Hakimu sasa anaweza kumtazama shahidi usoni. Siwezi kulilaumu jambo hilo hata kidogo. Bado anatakiwa mtu wa kupitia maandishi yale, maana mashine hizi zikifika kwenye jina la ukoo au la kijiji huandika zinachodhani, lakini hata mtu huyo mmoja anafanya kazi ambayo zamani ingegawiwa watu kadhaa.

Hayo si macho yangu peke yake. Shirika la Kazi Duniani mwaka 2023 lilipima kazi za kila aina, jukumu kwa jukumu, kuona akili unde hii inayoandika inaweza kufanya lipi. Kundi lililoguswa kuliko yote ni la ukarani na uhazili. Karibu robo ya majukumu yake, asilimia 24, yanaweza kufanywa na mashine kwa kiwango kikubwa, na zaidi ya nusu kwa kiwango cha kati. Hakuna kundi jingine lililosogea hata karibu. Wakaona pia kwamba wanawake wanaguswa zaidi ya mara mbili kuliko wanaume. Tazameni safu zenu hapo mbele, halafu muone wavulana wenu walivyo wachache. Na tena wakasema: katika nchi tajiri ajira zinazoweza kuchukuliwa ni asilimia 5.5, katika nchi za kipato cha chini ni asilimia 0.4.

Wapo waliosoma namba hiyo ya mwisho wakashusha pumzi. Sisi tuliingia kipato cha kati cha chini mwaka 2020, kwa hiyo tuko mahali fulani katikati, wala mimi sikushusha pumzi. Namba ni ndogo kwa sababu wenye kazi za mezani ni wachache. Haisemi kwamba meza zao ziko salama. Na hao wachache ndio ninyi.

Sasa rudini kwenye tangazo. Tumebakiwa na nini? Nyaraka za siri. Wageni na shida zao. Maelekezo ya mkuu, yafike kwa nani, kwa maneno gani, saa ngapi. Mtu mwenye haraka atasema basi, mashine ichape, binadamu apokee wageni, tumemaliza. Hapo ndipo nataka tukae, kwa sababu ndipo mimi naona tatizo lenyewe, na silisikii likisemwa.

Yale tuliyoyakata ndiyo kazi ya mgeni ofisini. Hakuna aliyeripoti kazini Jumatatu akapewa jalada la siri. Unapewa kuchapa barua za wengine. Unachapa leo, kesho, mwezi, na hakuna anayekufundisha kitu, lakini unajifunza. Unajua barua ya kukumbusha mara ya pili haiandikwi kama ya kwanza. Unajua hii inapitia kwa nani kabla haijamfikia Katibu Mkuu. Unajua afisa yupi akiandika "nashauri" anamaanisha fanyeni, na yupi anamaanisha fanyeni msinitaje. Unatumwa masjala kutafuta folio, ule ukurasa wenye namba ndani ya jalada, huuoni, unapekua jalada zima, na katika kupekua unasoma historia ya idara nzima bila kutumwa kuisoma. Kuchapa kulikuwa shule yenye mshahara. Mashine ikichukua rasimu ya kwanza, sawa, barua imepatikana. Huyu mhitimu naye atajifunzia wapi?

Nitawaonyesha ninachosema. Kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo aliniletea barua ya majibu kwa halmashauri moja. Barua nzuri, imenyooka, haina kosa la tahajia, nzuri kuliko za maafisa wengi ninaowaheshimu. Ilianza inavyotakiwa: kichwa cha habari hapo juu chahusika, tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na. hii, ya tarehe hii. Nikaiangalia ile kumbukumbu namba. Herufi zake za mwanzo si za halmashauri ile. Nikamwambia kalete barua wanayoijibu. Akaenda masjala, akakaa, akarudi mikono mitupu. Barua tuliyokuwa nayo ina namba nyingine na tarehe nyingine. Ile iliyotajwa haijawahi kuandikwa na mtu yeyote.

Nikamuuliza hii namba umeitoa wapi? Akasema, "Mama, iliweka yenyewe."

(Kicheko.)

Na kweli iliweka yenyewe. Mashine hizi zimesomeshwa maandishi mengi kupita kiasi, zikajifunza neno gani kwa kawaida hufuata neno gani. Imeona barua za kiserikali huanza kwa kurejea kumbukumbu namba, basi ikatengeneza inayofanana na kumbukumbu namba. Masjala haikuingia, wala haijui kama kuna masjala. Wala msidhani ni sisi tu. Mwaka 2023 huko New York mawakili walipeleka mahakamani hoja zenye hukumu walizopewa na ChatGPT, programu ya akili unde inayoandika, hukumu zenye majina ya kesi na namba kamili, na hazikuwepo. Jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Na aliyeweka sahihi alitozwa pia.

Yule kijana hakuwa mvivu wala mjinga. Hakuwahi kushika majalada ya kutosha kujua kwamba zile herufi zinaashiria ofisi fulani. Mimi nililiona kosa kabla sijafika aya ya pili kwa sababu nilichoshwa na namba zile miaka mingi. Mnaona ninakokwenda? Uwezo wa kuikagua mashine unatokana na kazi ileile ambayo mashine imeichukua. Sisi wa umri wangu tutastaafu tukiwa na jicho hilo. Waajiri watafurahi kwa miaka michache, kazi zinakwenda haraka, watu ni wachache, kisha watageuka wakute hakuna anayejua barua gani ni ya uongo.

Hata wageni, msidhani ni tabasamu tu. Anaingia bibi ametoka mkoani na basi la usiku, kitenge begani, bahasha ya khaki mkononi. Shikamoo bibi, karibu ukae. Marahaba mwanangu, namtaka mkubwa. Shida gani bibi? Shida hamna, nina maongezi naye tu. Ukimjaza fomu ya wageni ukaandika "maongezi", umemkalisha mpaka jioni. Unamuuliza safari. Unamuuliza wa nyumbani. Anasema mwanae alikuwa mwalimu, na hasemi tena. Kwenye ule ukimya wewe tayari umejua: ni mafao ya marehemu, bahasha ina cheti cha kifo, na kinachokosekana pengine ni barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi. Hapo hahitaji mkubwa. Anahitaji mahakama ya mwanzo ya kwao, na ungemwambia hivyo kwa simu asingepoteza nauli. Umejuaje? Umechapa barua za namna hiyo mpaka umezikariri. Kusaili shida, kama tangazo linavyosema, hakutenganiki na uchapaji ule tuliokwisha kuukata kwa kalamu.

Sasa mtaani. Nendeni kwenye steshenari yoyote iliyo karibu na mahakama au chuo. Zamani pesa ilikuwa kwenye kuchapa. Mtu analeta barua ya maombi kwa mwandiko wa mkono, binti anachapa, anasahihisha, anatoa. Kopi ilikuwa nyongeza. Siku hizi kijana anakuja na barua imeshaandikwa ndani ya simu yake, anataka kuprinti tu, na bado anaomba apunguziwe. Nilidhani maduka haya yatafungwa. Yapo, na msimu wa mikopo ya elimu ya juu foleni inatoka nje. Watu wanakwenda kujaziwa maombi ya mkopo, maombi ya kazi kwenye Ajira Portal, namba ya mlipa kodi, usajili wa jina la biashara. Yule binti hauzi tena kasi ya vidole. Anauza kujua kwamba jina kwenye cheti cha kuzaliwa likitofautiana herufi moja na la cheti cha kidato cha nne utakwama, na kwamba uende kwanza kwa wakili ukaape hati ya kiapo ndipo urudi kwake. Hakufundishwa hayo na yeyote. Ni maombi ya wateja yaliyorudishwa ndiyo yaliyomfundisha.

Wenzetu wa Kenya walipigwa mapema zaidi. Kule vijana wengi wenye shahada walikuwa wakiishi kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza, kupitia mtandaoni. Uhalali wa kazi ile siutetei, anayenunua anadanganya na anayeuza anajua. Lakini ililipa kodi za nyumba na karo za wadogo zao. Tarehe 30 Novemba 2022 ChatGPT ikatoka, na muda si mrefu oda zikaanza kukauka. Mwanafunzi wa kule hakumjua aliyemwandikia, hakuwahi kusikia hata sauti yake, kwa hiyo hakuona tofauti alipombadilisha na mashine. Na Nairobi hiyohiyo, Januari 2023, jarida la Time likaandika habari za vijana waliokuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu, ya ukatili na udhalilishaji wa watoto, ili mashine ifundishwe kuyakwepa. Hizo ndizo ajira mpya tunazoambiwa zitakuja. Nyingine zitakuja nzuri, sibishi. Mwaka 2005 nani kati yetu alijua kuna kazi inaitwa wakala wa M-Pesa? Ila mkiambiwa ajira mpya, ulizeni mshahara kwanza.

Kuhusu siri nitasema kwa kifupi kwa sababu ni jambo lisilo na mjadala. Unapobandika dokezo la siri kwenye programu ya bure ya simu ili likusaidie kulifupisha, umelitoa nje ya ofisi, na pengine nje ya nchi. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Samsung walipogundua wafanyakazi wao wameingiza msimbo wa programu za siri za kampuni kwenye ChatGPT, walipiga marufuku. Tena wale ni wahandisi. Ofisi yako kama haijatoa mwongozo, uliza kwa maandishi, na nakala ya swali lako iweke kwenye jalada.

Nina maombi kwa wakubwa walioko hapa. Kwa waajiri: msiwape vijana hawa mashine siku ya kwanza mkadhani mmewapa msaada. Miezi ya mwanzo rasimu ya kwanza aandike mtu, hata ikichukua asubuhi nzima, hata ikiwa mbaya. Ya mashine ije baadaye ilinganishwe na yake, mbele ya anayemsimamia. Najua mtasema muda hatuna. Tulikuwa nao muda wa kusubiri toner wiki mbili.

(Makofi.)

Kwa Mkuu wa Chuo: mtihani wa kuchapa kwa kasi umeshazeeka. Hatimkato sisemi muifute, maana inafundisha kusikiliza na hilo bado adimu. Lakini mpeni mwanafunzi muhtasari wa kikao ulioandikwa na mashine, pamoja na sauti ya kikao chenyewe na jalada lake, mwambie atafute yaliyozuliwa. Kuna muhtasari utakaoandika "iliazimiwa" mahali ambapo mjumbe alikuwa anatania. Mwanafunzi anayelikamata hilo mimi namwajiri hata kama anachapa kwa vidole viwili. Na mafunzo kwa vitendo yarefushwe, tena afanyie masjala, wasimweke mapokezi awe anatumwa chai.

Wazazi, wengi mmeniuliza pale nje kama fedha mliyolipa imepotea. Haijapotea, ila cheti peke yake kimepungua thamani, na mtoto akikaa nyumbani miaka 2 akisubiri tangazo kitapungua tena. Akipata pa kujitolea penye majalada na watu, mwacheni aende.

Nanyi wahitimu, kwenye usaili mtaulizwa kama mnajua kutumia akili unde. Kila mtu atajibu ndiyo. Wewe mweleze aliyekuuliza mara ya mwisho ilipokudanganya na ulivyoigundua.

Ofisi yetu ina nafasi 2 za kujitolea kuanzia mwezi ujao, nauli na chakula cha mchana vinatolewa. Anayetaka aniletee barua ya maombi aliyoandikiwa na mashine, aipitie kwa kalamu nyekundu, akate, aongeze, aandike pembeni kwa nini, na ailete hivyohivyo na wino wake. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa. Masjala yetu inafungwa saa tisa na nusu.